Kadi Iliyolala Kwenye Faili

Majina ya watu sitayataja humu, na wenyewe hawatalalamika, kwa sababu hata siku zile hawakuyatumia. Baba yangu alipewa jina alipozaliwa, akabatizwa jingine, akaandikwa yote mawili kwenye kitambulisho, lakini kuanzia Ruiru mpaka Thika, na kila mahali palipofika mawimbi ya redio ya taifa, alijulikana kama Rada ya Gitothua. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alisema hakuna jambo linalopita juu ya Gitothua asilione, ingawa sisi wa nyumbani tulijua hajawahi kuiona miwani yake bila kusaidiwa.

Kwa waliozaliwa juzi, nieleze kidogo. Kabla watu hawajaanza kugombana kwenye simu, waligombana kwa kadi za salamu. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako la redioni, majina ya redioni ya wale unaowasalimu, na ujumbe mfupi chini, kisha ukaipeleka posta. Baada ya wiki tatu, au nane, au kamwe, mtangazaji aliisoma hewani. Watu walikuwa na marafiki arobaini ambao hawajawahi kuwaona uso. Walikuwa na klabu, mwenyekiti, katibu na fulana za rangi moja. Walitembeleana wakiugua, na wakikosana walifutana kwenye orodha za kadi, nchi nzima ikisikia. Vijana wa leo wakiniambia kwamba wao ndio waliobuni mambo ya mitandao, nawaachia tu. Baba alijitoa kwenye grupu kabla simu hazijawa na kitufe cha kujitoa.

Baba alikuwa amestaafu ukarani katika shamba la kahawa. Mama alikuwa na kanisa, chama cha akina mama na kuku. Baba alikuwa na redio, gazeti la jana alilopewa na mwenye duka, na rafiki mmoja. Rafiki huyo alikaa Thika, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda, na redioni aliitwa Spana ya Thika. Walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu watu wa rika moja wana ruhusa ya kutaniana asubuhi hadi jioni na hakuna anayenuna. Kila Jumamosi alasiri Spana alikuja kwetu, akaketi kwenye kiti kile kile chenye mguu uliofungwa waya, waya aliofunga yeye mwenyewe, na wakasikiliza salamu pamoja. Betri za redio Baba alizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Ukizigusa, ulikuwa umegusa serikali.

Kisha mitumba ikajaa sokoni na kiwanda kikafungwa. Spana alikwenda nyumbani na kisanduku chake cha vifaa na hakulizungumzia sana jambo hilo. Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida, akatengeneza mlango wetu wa jikoni, akatengeneza wa choo, kisha akavuka ua akatengeneza wa jirani bila kuombwa. Mama alisema mikono ya yule mzee haijaambiwa kwamba kiwanda kimefungwa.

Mimi mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na tisa, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasomea kompyuta Thika. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na kompyuta tano zilizofunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, kama vile vya kwenye makochi, na viatu tulivua mlangoni kwa sababu mwalimu alisema vumbi la Thika lingeziua mashine. Siku za mvua chumba kilinuka soksi za watu ishirini. Mpaka leo mtu akinisifia teknolojia, harufu hiyo ndiyo inayonijia kwanza.

Siku moja mwalimu alitufungulia barua pepe. Nikakaa mbele ya ukurasa mtupu nisijue nimwandikie nani, kwani mtu mwingine pekee niliyemjua mwenye anwani alikuwa msichana aliyeketi kushoto kwangu. Nikamwandikia, "Sasa?" Naye akanijibu, "Poa." Shughuli hiyo ilituchukua karibu saa nzima. Nilipomsimulia Baba jioni, aliweka kikombe chini.

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Hapo kando yangu."

"Sasa si ungemuuliza tu na mdomo? Kadi yangu mimi inasikika mpaka Turkana."

Jibu la swali hilo nina zaidi ya miaka ishirini nikilitafuta.

Lakini Baba aliiheshimu kompyuta kwa namna yake. Alikuwa amesoma gazetini kwamba zina virusi, kwa hiyo nilipotoka chuoni nilitakiwa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa redio. Nilijaribu kumweleza. Alisema hata malaria watu walidhani ni hewa mbaya tu.

Mwezi wa Julai Spana akaumwa jino, gego la nyuma, akakosa kuja Jumamosi mbili. Baba akamwandikia kadi. Nakumbuka kila neno kwa sababu aliniamuru niandike mimi, mwandiko wake ukiwa wa kikarani mno, usiosomeka kwa urahisi: "Rada ya Gitothua anamsalimu Spana ya Thika, rafiki kuliko wote. Ujumbe: pole kwa jino. Jumamosi njoo, mama wa hapa atakupikia uji badala ya nyama." Nikatumwa kuipeleka posta ya Thika, kwa kuwa Baba aliamini kadi ikipigwa muhuri wa mji mkubwa inasomwa upesi.

Nikaitia kwenye faili langu la masomo, katikati ya maelezo ya jinsi ya kuhifadhi waraka ili usipotee. Hapo ndipo nilipoisahau. Jino likang'olewa, Spana akarudi kwenye kiti chake, kadi haikusomwa, na Baba akadhani ni bahati mbaya ya kawaida ya kadi.

Agosti ukaja mdudu wa mwaka elfu mbili. Gazeti la jana lilisema kompyuta za dunia hazijui kuhesabu kupita tisini na tisa, na ikifika Januari zitachanganyikiwa. Baba alisoma habari hiyo mara nne, kisha akaondoka na mkokoteni. Alirudi na unga wa mahindi, unga wa wimbi, chumvi, viberiti na mafuta taa, akavipanga chini ya kitanda chao. Mama alimuuliza mdudu huyo anakula unga kiasi gani.

"Unacheka," Baba akasema. "Ndege zitaanguka. Stima itapotea."

"Stima gani, baba watoto? Sisi tuna taa ya chemni."

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Baba alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wapenda salamu wa Ruiru na Thika, na mkutano ulipofanyika katika hoteli moja ya chai pale Ruiru alileta azimio kwamba kila mwanachama aweke chakula cha miezi mitatu. Aliongea kama nusu saa. Mwishowe akanielekezea kidole, maana nilikuwa nimekuja kuandika kumbukumbu. "Huyu msichana amesoma kombiuta. Ambia hawa watu."

Mimi nilijua kuandika barua ya kuomba kazi na kuipanga kulia. Nikasema mwalimu bado hajafika hapo.

Spana akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata siku hiyo hakupandisha sauti. "Mimi nimetengeneza mashine miaka ishirini na nane," alisema. "Hakuna hata moja imewahi kuniuliza ni mwaka gani."

Hoteli nzima ililipuka kwa kicheko. Katibu alimwaga chai. Mwenye hoteli alicheka akiwa jikoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwenye daftari la kumbukumbu. Huo ulikuwa utani wa rika, na Baba alikuwa na haki ya kuujibu kwa utani mkubwa zaidi. Badala yake alisema, "Kama ungejua mashine kweli, kiwanda hakingefungwa."

Kicheko kilikatika. Spana alichukua kofia yake mezani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akatoka. Niliona aibu iliyonifanya nitamani kuingia chini ya meza. Utani wa rika una mipaka yake, na Baba aliijua kuliko mtu yeyote.

Vita vikahamia redioni. Kadi ya Baba iliyofuata ilisalimu watu kumi na wanne, pamoja na mwenye duka la gazeti, na Spana hakuwemo. Kadi ya Spana ikasalimu kila mtu wa klabu, na mwenye hoteli, na paka wa hoteli, na Rada hakuwemo. Watu wa Murang'a na Nakuru, ambao hawakuwajua hata kwa sura, walianza kutuma kadi za kuwasuluhisha. Mmoja wa Kitale alitunga shairi. Baba alizima redio katikati ya ubeti wa pili.

Na Jumamosi zikawa ndefu. Betri alizianika bado, akaketi mahali pake, na kile kiti cha waya hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata kasisi alipotutembelea alipewa stuli. Mtangazaji akisema jambo la kuchekesha, Baba aligeuka kutaka kukiambia kiti, akakumbuka, akajifanya anatazama dirishani. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Mama alimwambia barabara ya Thika haijafungwa. Akajibu kwamba barabara ni ile ile kutoka upande wowote, na yule anaweza kuja. Hakuwa na rafiki mwingine duniani, sisi sote tulilijua hilo, naye alilijua kuliko sisi.

Oktoba nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtihani nilipofungua ukurasa wa kuhifadhi waraka, na kadi ikaniangukia mapajani. Kwanza nilimwogopa Baba, kwa kuwa kadi za salamu kwake zilikuwa kama hati za shamba. Kisha nikaisoma. "Rafiki kuliko wote." Haikuwa na tarehe. Kadi za salamu hazina mahali pa tarehe.

Ningeweza kuichana. Ningeweza kumpelekea Baba, naye angeichana. Lakini nilijiambia kwamba nilitumwa posta, na kwamba hakuna aliyewahi kuniambia nisiende. Nikavaa viatu mlangoni pa chuo, nikashuka ngazi, nikaitia kwenye sanduku la posta, na mkono wangu ukabaki pale tunduni kana kwamba ningeweza bado kuivuta.

Ilisomwa Novemba. Tulikuwa sebuleni sote watatu. Mtangazaji alisema kadi inatoka kwa Rada ya Gitothua, na Baba akanyoosha mgongo kama kawaida yake akitajwa. Kisha akasikia inakokwenda. Alisikia habari ya jino, akasikia uji, akasikia Jumamosi njoo. Mtangazaji, ambaye naye alikuwa amefuatilia vita vile, alisema hewani kwamba leo amefurahi, na akapiga wimbo.

"Hii ni ya Julai!" Baba alisimama. "Hii ni ya Julai! Hawa watu wameketi nayo miezi minne! Sasa ataona nimemwomba msamaha!"

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. "Basi tuma kadi nyingine useme hukumwomba."

Baba alileta kadi, akalamba kalamu, akaandika "Rada ya Gitothua anapenda kusahihisha," akakaa. Halafu akapiga hesabu ya wiki. Kadi ya kusahihisha ingesomwa karibu na Krismasi. Mgeni alikuwa anakuja Jumamosi ijayo.

Juma lile hakulala vizuri. Alisema Spana hatakuja. Alisema akija atamweleza ukweli mlangoni. Ijumaa alifyeka nyasi za langoni, ambazo alikuwa ameniachia mimi tangu mvua, na aliponipita akasema bila kunitazama, "Hiyo mambo ya Julai, hakuna haja ya kumwambia mtu."

Spana alifika saa nane, akiwa na kofia yake. Baba alikuwa langoni anarekebisha ua ambao haukuwa na kasoro. Walitazamana.

"Rada."

"Spana."

"Nimesikia kuna uji."

Mama alikimbia jikoni, na kwa kuwa hatukuwa na unga mwingine wa wimbi, aliingia chini ya kitanda akafungua mfuko wa mwisho wa dunia. Baba aliona, akajishughulisha na betri. Spana aliketi kwenye kiti chake, akajaribu mguu wenye waya, akaguna. Uji ulipokuja aliunywa taratibu kwa upande mmoja wa mdomo, mkono ukiwa shavuni, na Baba akamuuliza kama jino bado linasumbua.

"Kidogo," Spana akasema. "Hasa kukiwa na baridi."

Hawakuzungumzia mkutano, wala mashine, wala mdudu. Walizungumza juu ya mtangazaji mpya, ambaye wote wawili walimwona anaongea haraka kama anayefukuzwa. Nilifurahi hata machozi yakanilenga, nikatoka nje kujifanya naona kuku.

Jioni Baba alinituma nimsindikize mgeni hadi barabarani. Tulipopita duka, Spana alisimama, akafungua mdomo, akanionyesha kwa kidole pengo la nyuma, ufizi umefunga kama haujawahi kuwa na jino.

"Maitu," alisema, kwa maana wazee wa kwetu humwita msichana wanayempenda mama, "hili jino lilitoka Julai. Baba yako ndiye alinishikia kofia hospitalini."

Sikujua nitazame wapi. Nikamweleza yote: faili, mtihani, sanduku la posta.

"Nilijua ni ya zamani lilipotajwa jino," akasema. "Lakini nilikuwa nimekaa Thika miezi mitatu nikingoja mtu aniite. Mtu akiitwa, haulizi barua ni ya lini. Usimwambie."

Kwa hiyo nikawa na siri mbili, moja ya kila mzee, na zote zilikuwa siri ile ile.

Januari ilifika. Asubuhi ya tarehe moja Spana alikuja mapema ajabu, na Baba alimngojea mlangoni akiwa tayari kuchekwa. Spana aliinama akawasha redio. Ikaimba. Akasema, "Sawa," akaketi. Hakusema lingine juu ya mdudu, siku hiyo wala siku nyingine, ingawa tulikula ugali wa mdudu mpaka Aprili na mwisho fukusi wakaanza kutushinda. Nadhani ukimya ule ndio uliomwumiza Baba kuliko kicheko chote cha hotelini.

Siku chache baadaye alinipa kadi. Hii aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kikarani. "Peleka posta," akasema. Nilipofika langoni akaniita tena. "Na hii usiiweke kwa faili."

Nilisimama pale kama nguzo. Alikuwa amejua tangu lini? Sikuthubutu kuuliza. Kadi haina bahasha, kwa hiyo niliisoma njiani. Ilikuwa ya kuomba msamaha juu ya kiwanda. Sikuwahi kumsikia baba yangu akiomba msamaha, hata kwa Mama alipomkanyagia kifaranga. Nilikwenda moja kwa moja mpaka Thika nikiwa nimeishika mkononi.

Haikusomwa. Januari ikaisha, Februari ikaisha. Kila Jumamosi Baba alisogea karibu na redio mpaka sikio likakaribia kuigusa, na Spana, aliyekuwa ameketi umbali wa mkono mmoja, hakujua tunangoja nini.

"Si umwambie tu na mdomo?" nilimnong'oneza Baba jikoni.

"Nimeshaandika," akasema.

Machi kukawa na mvua mfululizo na betri hazikupata jua. Jumamosi hiyo sauti ya mtangazaji ilianza kuzama. Baba alizitoa, akazisugua, akazirudisha, akaipiga redio kofi. Ikakohoa mara moja na kunyamaza.

"Wacha," Spana akasema. "Ni nini unatafuta huko kila siku?"

"Kuna kadi."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Inaenda kwa nani?"

Mama aliacha kushona. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nilishika mlango ule alioutengeneza Spana. Kisha Baba akavua miwani, akakohoa, akaanza kwa sauti ya mtangazaji, ile ya puani, akiitazama redio iliyokufa.

"Kadi hii inatoka kwa Rada ya Gitothua, akiwa Ruiru. Anamsalimu mtu mmoja tu. Anamsalimu Spana ya Thika, popote alipo. Ujumbe wake." Hapo sauti ya redio ikamkimbia, akabaki na yake. "Ujumbe wake ni kwamba kiwanda hakikufungwa kwa sababu yako. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nikisema."

Spana aliitazama redio pia. Kisha akavuta kiti chake, ule mguu wa waya ukalia sakafuni.

"Imefika," akasema.

Halafu akamwomba Mama uji, akaunywa kwa pande zote mbili za mdomo.